Je, Wajua? Sindano ya Unene na Moyo

Je, wajua kwamba zamani dawa za kupunguza uzito ziliogopwa na madaktari wa moyo? Fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 baada ya vali za moyo za baadhi ya watumiaji kukutwa zimeharibika. Sibutramini nayo ikaondoka mwaka 2010: wagonjwa wa moyo walioimeza walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi kuliko wenzao.

Je, wajua kwamba mjusi ana mkono wake katika dawa za leo? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari John Eng wa New York alikuta ndani ya sumu ya mjusi wa Gila, mkazi wa majangwa ya Marekani na Mexico, kitu kinachofanana na GLP-1, homoni ya utumbo wetu. Ya kwetu huyeyuka kwa dakika chache. Ile ya mjusi hudumu. Semaglutidi, dawa ya kupunguza uzito iliyokuja baadaye na inayoiga homoni hiyo, haitoki kwa mjusi, ila hukaa mwilini hadi sindano moja inatosha wiki nzima.

Je, wajua kwamba sindano hiyo imepimwa kwa watu wasio na kisukari? Walikuwa 17,604 kutoka nchi 41, wenye miaka 45 au zaidi. Kigezo cha uzito hakikuwa cha kutisha: mwenye urefu wa sentimita 165 na kilo 74 alifaa. Huku kwetu huyo angeambiwa amenawiri! Lakini wote walikwishaugua moyo au mishipa ya damu. Mnene mwenye moyo mzima hakuhusika. Matokeo ya mwaka 2023: mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo viliwapata asilimia 6.5 ya waliochomwa dawa, na asilimia 8.0 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Magazeti yakatangaza “pungufu ya asilimia 20”. Si uongo, ila ukihesabu vichwa ni watu 15 hivi katika kila 1,000, kwa zaidi ya miaka mitatu.

Cha ajabu zaidi, faida haikufuata mizani. Uchambuzi wa mwaka 2025 wa jaribio hilohilo ulionyesha kwamba hata waliopungua kidogo walinufaika, na kwamba kupungua kwa kiuno kulieleza theluthi moja tu ya nafuu hiyo. Kwa hiyo dawa inafanya kazi nyingine mwilini, pengine kutuliza uvimbe ndani ya mishipa.

Na tumbo? Asilimia 16.6 ya waliochomwa dawa waliiacha kwa sababu ya madhara, wengi wakilalamikia kichefuchefu, kutapika na kuharisha.