Chanjo ya Mbwa Isiyolala Kwenye Jokofu

Kwa ugonjwa unaoogopwa kiasi hiki, kichaa cha mbwa huenea kwa kusuasua. Mgonjwa mmoja wa surua akiingia mahali ambapo hakuna aliyechanjwa, anaweza kuwaambukiza watu zaidi ya kumi. Mbwa mwenye kichaa, kwa hesabu zilizofanywa Serengeti na Ngorongoro, humwambukiza mbwa mmoja na ushei tu: wastani ni kati ya 1.1 na 1.2. Wapo wengi wanaokufa bila kumwachia mwenzao ugonjwa, na wapo wachache wanaong'ata kila wanachokutana nacho njiani.

Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2009 na Katie Hampson pamoja na wenzake, akiwemo daktari wa mifugo Mtanzania Magai Kaare. Namna ilivyopatikana inapendeza kuliko hesabu yenyewe. Kuanzia mwaka 2002 watafiti walichukua kumbukumbu za watu waliofika zahanati na hospitali na majeraha ya kung'atwa, kisha wakafunga safari hadi nyumbani kwao. Wakauliza: mbwa alikuwa wa nani? Alitokea wapi? Nani mwingine aling'atwa, mtu, mbuzi, ng'ombe au mbwa? Vijijini mambo hayo hayasahauliki. Mbwa mgeni aliyepita akitokwa na udenda, akamng'ata mbwa wa jirani na ndama wa babu, habari zake hukaa vinywani mwa watu miezi mingi. Kwa kuunganisha masimulizi ya boma moja na ya boma la pili, ikachorwa ramani ya nani alimwambukiza nani, na ndani yake mkaonekana muda ambao ugonjwa hujificha: wiki tatu hivi kwa wastani tangu mbwa kung'atwa hadi kuonyesha dalili. Baada ya hapo huishi siku kama tatu tu kabla ya kufa au kuuawa.

Siku tatu ni muda mfupi mno wa kueneza ugonjwa. Uchambuzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2022 na kikundi kilichoongozwa na Rebecca Mancy, ulifuatilia wilaya ya Serengeti kwa zaidi ya miaka kumi na kukuta kwamba mbwa wenye maambukizi kwa wakati mmoja hawakufika hata 2 katika kila 1,000. Na bado ugonjwa haukomi, kwa sababu wapo mbwa wachache wanaokimbia mbali sana wakiwa wagonjwa, na wapo wanaosafirishwa na wenyewe ugonjwa ukiwa umejificha mwilini.

Madhara yake kwa binadamu hayalingani na udhaifu huo. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa vifo kama 1,500 kwa mwaka, na wengi wanaoumia ni watoto. Dalili zikishaanza kwa mtu, tiba hakuna. Lawama huko mbugani ilizoea kuwaangukia fisi na mbweha, lakini utafiti wa Tiziana Lembo na wenzake, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba ugonjwa unadumu Serengeti kwa sababu ya mbwa wa kufugwa. Wanyama wa porini huambukizwa, tena hufa, ila peke yao hawawezi kuuweka hai. Kwa maneno mengine, shina la tatizo limelala uani kwetu.

Sasa rudi kwenye ile 1.1 na 1.2. Ugonjwa unaoenea kwa unyonge hivyo hauhitaji kinga ya mbwa wote ili ukome. Hesabu za akina Hampson zinaonyesha kwamba ikiwa mbwa wenye kinga hawapungui asilimia 20 hadi 45, kutegemea mahali, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mbona basi kila mtaalamu hutaja asilimia 70? Kwa sababu kinga ya kijiji huvuja kama pakacha. Mbwa waliochanjwa Septemba hawatakuwepo wote Septemba ijayo. Mmoja atagongwa na lori, mwingine atachukuliwa na chui, wengine watakufa kwa njaa na magonjwa, na nafasi zao zitajazwa na vitoto ambavyo havikuwahi kuona sindano. Mbwa wa vijijini Afrika ni vijana, hufa mapema na huzaliana upesi. Ukianza na 70, mwisho wa mwaka utabaki juu ya kiwango cha hatari. Ukianza na 40, miezi michache baadaye uko wazi.

Hapo ndipo kosa la kuua mbwa linapojitokeza. Halmashauri zetu bado hutangaza mara kwa mara kwamba mbwa wanaozurura watapigwa risasi au kutegewa sumu. Risasi haiulizi kadi ya chanjo. Inaua aliyechanjwa na asiyechanjwa, kisha wenye nyumba wanatafuta mbwa mwingine wa kulinda, kwa kawaida mtoto asiye na kinga, pengine kutoka kijiji chenye ugonjwa. Wengi wa hao wanaoitwa mbwa koko wana wenyewe: mchana huzurura, jioni hurudi kula ukoko wa ugali na kulinda mlango. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997 kupitia mbwa walioletwa kwa chombo cha baharini. Mbwa wengi sana waliuawa kwa amri ya serikali, na ugonjwa ukaendelea kuenea kisiwani. Kwa maoni yangu, fedha ya risasi ikinunua chanjo itafanya kazi mara mia.

Ila chanjo nayo ilikuwa na bwana wake, na bwana huyo ni jokofu. Maelekezo ya kawaida yanataka ihifadhiwe kati ya nyuzijoto 2 na 8. Vijiji vingi havina umeme wa kutegemewa, kwa hiyo kazi ikawa ya msafara: gari kutoka wilayani, maboksi ya barafu, wataalamu, posho, siku moja kwa mwaka katika kila kijiji, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Watoto ndio huleta mbwa, wakiwavuta kwa kamba za katani, minyororo na vipande vya kanga, mbwa wanapigana, vumbi linatimka. Ni siku nzuri. Tatizo ni nani hayupo. Aliyekwenda mnadani hayupo. Aliyeko mbali hayupo. Aliyeshindwa kumfunga mbwa wake kamba hayupo. Mbwa atakayezaliwa Oktoba hayupo pia, na msafara utarudi mwakani kama bajeti itaruhusu.

Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa mbwa wa Tanzania. Swali lilikuwa la moja kwa moja: chanjo ikikaa nje ya baridi, inaharibika kweli? Walichukua aina moja ya chanjo inayotumika sana katika kampeni, ambayo imetengenezwa kwa virusi vilivyokwisha kuuawa, wakaiweka katika joto tofauti kwa vipindi tofauti. Baadaye wakawachanja mbwa na kupima damu yao kuona kinga iliyojengeka. Chanjo iliyokaa miezi 6 katika nyuzi 25, na iliyokaa miezi 3 katika nyuzi 30, ilifanya kazi sawasawa na ile iliyotoka kwenye jokofu.

Wafugaji wenye umri mkubwa hawatashangaa sana. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioangamiza mifugo mingi katika miaka ya 1890, iliondolewa kwa msaada mkubwa wa chanjo iliyoweza kuvumilia joto kwa wiki kadhaa, ikabebwa kwa miguu na wafugaji waliofundishwa kuchanja, hadi sehemu kama Karamoja, Uganda, ambako gari la serikali halikufika. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Nyuzi 30 bado ni kikomo, na chumba chenye paa la bati saa nane mchana hupita hapo bila shida. Hivyo daktari wa mifugo Ahmed Lugelo, pamoja na Lankester, Hampson, Profesa Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wengine, wakageukia kitu ambacho bibi yeyote angewaonyesha: mtungi. Wakishirikiana na wanavijiji wa kaskazini mwa Tanzania walibuni vyombo vya aina nne. Walilinganisha udongo wa ufinyanzi na vitambaa vya kawaida, kipi kinanyonya maji zaidi, kipi kinapoza zaidi, kipi ni nafuu. Chombo kilichotokana na kazi hiyo wamekiita Zeepot, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hakina waya wala betri. Kinatengenezwa na watu wa hapa hapa, na kinahitaji kuongezwa maji tu.

Siri yake ni uvukizi. Maji yanayopenya kwenye vitundu vya udongo hufika juu na kugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huondoka na joto. Lita moja ikivukizwa yote huchukua joto la kutosha kupoza zaidi ya lita 50 za maji kwa nyuzi 10. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi: vitundu vimezibwa. Na ndiyo maana mtungi wa Dodoma au wa Mugumu, Serengeti, hupoza zaidi kuliko wa Tanga, kwani hewa ya pwani imekwisha shiba unyevu. Anayetaka kupeleka chombo hiki Kilwa au Lamu hana budi kukipima kwanza huko huko.

Kwa mwenye mbwa, mabadiliko makubwa ni ya kalenda. Chanjo inayoweza kukaa kijijini miezi inamwezesha mtu wa hapo hapo, aliyefundishwa na anayesimamiwa na afisa mifugo, kuchanja Novemba, Februari, Juni. Mbwa aliyekosa siku ya msafara anafuatwa nyumbani. Vitoto vinachanjwa vikiwa bado vidogo, badala ya kusubiri vifikie umri ambao wengi wao hawaufikii. Mkoani Mara utaratibu wa aina hii umekuwa ukijaribiwa, na mimi nauona ndio njia, ingawa una kazi zake: sindano zilizotumika zitupwe salama, chanjo iliyopitisha muda iondolewe, na mchanjaji alipwe. Kujitolea kuna mwisho.

Dhana moja inafaa kuondolewa mapema. Wafugaji wengi, na hata baadhi ya wachanjaji, humrudisha nyumbani mbwa mwenye umri chini ya miezi mitatu wakisema bado mdogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kampeni zichanje mbwa wote waliofikishwa, vitoto vikiwemo, na vipimo vya damu vimeonyesha kwamba vinajenga kinga. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya mbwa ni vitoto, kuvirudisha ni kuitafuna ile asilimia 70 kwa mikono yetu wenyewe.

Jambo la pili ni kamba. Mbwa wa kwetu hukua bila kushikwa, kisha siku ya chanjo tunataka atembee kilomita mbili katikati ya mbwa mia asiowajua. Anayemzoesha mtoto wa mbwa kufungwa kamba dakika chache kila jioni, akimpa kipande cha chakula, na kumshika masikio na miguu bila kumpiga, amefanya nusu ya kazi ya mchanjaji. Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi kutwa nzima ili awe mkali ni shida nyingine: akiugua, nani atatofautisha ukali wa ugonjwa na ule aliofundishwa?

Kwa maana dalili ya kwanza ni tabia kubadilika. Mpole anang'ata bila kuchokozwa, mchangamfu anajificha gizani, mlinzi anaondoka na kupotea. Sauti inakuwa ya kukwaruza. Wengine hawawi wakali kabisa. Taya linalegea, udenda unatiririka, hawezi kumeza. Hapa ndipo watu wema huumia, kwa kuwa wanadhani ana mfupa kooni na kumtia mkono mdomoni. Usimtie. Mfungie mahali na uite mtaalamu wa mifugo.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Mbwa aliyemng'ata, kama ni mzima, asiuawe. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa hai na mwenye afya, hakuwa na virusi kwenye mate alipong'ata, na daktari anaweza kuamua sindano zilizobaki zisitishwe. Kungoja siku 10 ziishe ndipo uanze tiba ni kucheza na roho ya mtu.

Pemba inaonyesha kinachowezekana na kinachoweza kuponyoka. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walifuatilia kila tukio la kung'atwa kisiwani na kusoma vinasaba vya virusi. Uchanjaji uliukomesha ugonjwa mwaka 2014. Uchanjaji ukalegea, na mwaka 2016 virusi vikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Kampeni zikarudi kwa nguvu na kufikia mwisho wa 2018 ugonjwa ulikuwa umeondoka kwa mara ya pili. Anayesafiri kwa chombo kwenda Pemba na mbwa wake, amchanje wiki kadhaa kabla ya safari na abebe kadi yenye tarehe na saini, kwa kuwa mbwa mwenye ugonjwa uliojificha hupanda jahazi akionekana mzima kabisa.