Freti 21, 22 au 24: Idadi Isikuchagulie Gitaa

Vijana wanaoniomba ushauri kabla ya kununua gitaa la umeme huja na swali lililokwisha kupunguzwa likawa namba mbili: "Mwalimu, nichukue lenye freti 22 au 24?" Wengi wao wameshaamini kwamba freti zikizidi na ubora umezidi. Imani hiyo imewapeleka watu nyumbani na magitaa yasiyowafaa. Idadi ya freti hugusa mambo matatu: noti ya juu kabisa utakayoifikia, mahali pikapu inapokaa, na jinsi mkono unavyopanda shingo. Ukiyaelewa hayo, utajichagulia mwenyewe.

Freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Kila freti unayopanda huufupisha uzi na kuinua sauti nusu toni. Nusu toni 12 hufanya oktava moja, ndiyo maana freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi. Freti ya 24 huangukia pale ambapo imebaki robo ya uzi kufika kwenye daraja (mwisho wa uzi upande wa kiwiliwili), na sauti yake ni oktava mbili kamili juu ya uzi ulio wazi.

Chukua uzi wa kwanza, ule mwembamba, uliotyuniwa E kama kawaida. Ukiupiga wazi hutetema karibu mara 330 kwa sekunde. Kwenye freti ya 21 unapata C shapu, ya 22 unapata D, na ya 24 unapata E nyingine inayotetema karibu mara 1,319. Basi kati ya gitaa la freti 21 na la freti 24 pana nusu toni tatu tu, tena zote ziko kileleni, mahali ambapo nyimbo nyingi hazifiki kabisa.

Namba hizi zina historia. Telecaster ya Fender, iliyoanza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 1950, na Stratocaster iliyofuata mwaka 1954, zilitengenezwa na freti 21. Gibson walipotoa Les Paul mwaka 1952 waliipa 22. Freti 24 zilienea hasa miaka ya 1980, wapiga solo wa roki walipotaka kasi na sauti za juu zaidi; mwaka 1985 PRS waliingia sokoni na gitaa la freti 24, na Ibanez wakafuata na mfululizo wa RG mwaka 1987. Hata hivyo, Jimi Hendrix alisimama jukwaani Woodstock mwaka 1969 na Stratocaster ya freti 21, na hakuna aliyemwambia gitaa lake limepungukiwa.

Sababu moja ni kwamba uzi wa gitaa la umeme huvutwa. Ukibonyeza freti ya 22 na kuusukuma uzi pembeni hadi sauti ipande toni nzima, ile D inakuwa E, noti ileile ya freti ya 24. Kwenye freti ya 21 itakubidi uvute toni moja na nusu, kazi inayotaka kidole chenye nguvu, lakini inawezekana. Freti 24 zinakupa noti hiyo bila kuvuta, na ukivuta zinakupeleka juu zaidi.

Sasa tuje kwenye gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Gitaa la umeme huwa na pikapu mbili au tatu chini ya nyuzi, nazo hunasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme. Iliyo karibu na shingo hutoa sauti nene na ya joto. Iliyo karibu na daraja hutoa sauti kali yenye makali. Tofauti hiyo inatokana na mahali: uzi hutetema kwa upana zaidi kadiri unavyolikimbia daraja, na huwa mgumu na mkali unapolisogelea.

Kwenye Stratocaster, yenye nyuzi za milimita 648 kutoka kichwani hadi darajani, pikapu ya shingoni imekaa karibu na pale ambapo freti ya 24 ingekuwa, milimita 162 kutoka darajani. Mtengenezaji akitaka kuweka freti 24 hapo, shingo inaikalia nafasi hiyo, na pikapu inalazimika kusogea kuelekea daraja. Hupoteza sehemu ya ule unene. Kwa mpiga roki anayetumia ukali mwingi, hasara hiyo huenda asiisikie. Kwa mpiga bluzi, jazi, au zile solo za polepole za dansi zinazotaka sauti ya mviringo, ataisikia siku ya kwanza.

Kuna maelezo mengine husikika sana, kwamba pikapu iliyo chini ya freti ya 24 ina sauti ya pekee kwa sababu iko kwenye kituo ambapo baadhi ya mitetemo midogo ya uzi hutulia. Kituo hicho kipo kweli, lakini kwa uzi ulio wazi tu. Ukibonyeza freti yoyote, vituo vyote huhama. Kinachobaki na wewe katika kila noti ni umbali wa pikapu kutoka darajani, na huo ndio wa kupima.

Jambo la tatu ni mkono. Nafasi kati ya freti hupungua kadiri unavyopanda. Kwa urefu uleule wa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza iko milimita 36 kutoka mwanzo wa uzi, lakini kutoka freti ya 21 hadi ya 22 ni milimita 11 hivi, na kutoka ya 23 hadi ya 24 hazifiki 10. Kidole cha mtu mzima huijaza nafasi hiyo yote. Zaidi ya hapo, angalia shingo inaposhikana na kiwiliwili. Les Paul hushikana karibu na freti ya 16, na kisigino chake ni kinene, hivyo freti zake za mwisho zinadai mkono ulionyooka na subira. SG, gitaa la Gibson lenye mapembe mawili, lina freti 22 vilevile, lakini mkono hupanda bila kizuizi. Usihesabu freti zilizopo tu, hesabu unazozifikia.

Kwa muziki wetu naongeza hesabu moja. Mpiga solo wa sebene hukaa sehemu kubwa ya wimbo juu ya shingo, na wapo wanaofunga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja, ili wapate maumbo ya kodi za nyuzi wazi katika ufunguo wa mwimbaji. Kapo inakula freti kutoka chini. Ukiifunga kwenye freti ya 5, oktava yako inahamia freti ya 17. Gitaa la freti 21 linakuachia freti nne juu ya oktava hiyo, la 22 linakuachia tano, na la 24 saba. Hapo zile freti mbili za ziada zina kazi ya kweli. Kwa mpiga rithimu, ambaye kodi zake ziko nusu ya chini ya shingo, hazina kazi yoyote.

Neno kwa wanaonunua magitaa yaliyokwisha kutumika: shingo ya freti 22 ya mtindo wa Stratocaster mara nyingi hukubali kiwiliwili cha freti 21, kwa sababu freti ya ziada hukaa kwenye ulimi wa ubao uliotokeza mbele tu. Shingo ya freti 24 haikubali. Nafasi ya pikapu na daraja haitalingana, na gitaa halitatyunika sawasawa. Fundi akikuahidi badiliko hilo kwa bei rahisi, mkatalie.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mwanafunzi, kwa mpiga rithimu, na kwa anayependa sauti nene ya pikapu ya shingoni, freti 21 au 22 zinatosha, na 22 ni chaguo salama kwa wengi. Kwa mpiga solo anayeishi kileleni mwa oktava ya pili, au anayefunga kapo juu sana, 24 zina thamani yake. Kabla ya kulipa, keti na gitaa dukani, washa pikapu ya shingoni, piga wimbo unaoupenda, kisha panda hadi noti ya juu kabisa ya wimbo huo. Ukiifikia bila kukunja bega, na sauti ikakupendeza, hilo ndilo gitaa lako, liwe na freti ngapi.