Kilowati-saa au Kilowati kwa Saa? Istilahi za Kupima Ulaji wa Umeme Majumbani

Miongoni mwa maneno yaliyoingia majumbani mwetu pamoja na nyaya za umeme, ni machache yanayotajwa sana na kueleweka kidogo kama wati, kilowati na uniti. Katika maduka ya vyombo vya umeme mjini Bukoba, na vivyo hivyo Muleba, mnunuzi huuliza: "Hii inakula umeme kiasi gani?" Muuzaji humsomea namba iliyo kwenye kibandiko cha chombo, na mazungumzo huishia hapo. Swali ni zuri, na jibu si la uongo. Ila jibu hilo si la swali lile. Mnunuzi ameuliza jumla, naye muuzaji amejibu kasi. Katika makala haya tunakusudia kueleza tofauti ya mambo hayo mawili, namna yanavyopimwa, na maneno tunayoona yafaa kuyataja.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Wananchi wamechagua kusema chombo "kinakula" umeme, nasi twaona wamechagua vema, kwani katika kula mna ukubwa wa tonge na mna kiasi cha chakula kilichokwisha. Wati hupima tonge. Birika la wati 2000 hula kwa pupa, kisha huacha. Friji ya wati 100 hudonoa tu, lakini hudonoa mchana kutwa na usiku kucha. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Lita moja iliyoanza na nyuzi 20 huhitaji takribani uniti 0.09, na birika letu huimaliza kazi hiyo kwa muda usiofika dakika tatu. Friji ile, hata mota yake ikizunguka theluthi moja tu ya muda, itakula uniti 0.8 kwa siku. Namba ya birika ni kubwa mara ishirini, lakini chakula chake kwa lita ile hakifiki hata sehemu moja ya nane ya chakula cha friji.

Kwa hiyo twapendekeza kusema kasi ya matumizi kwa kile kinachopimwa kwa wati, na jumla ya matumizi kwa kile kinachopimwa kwa uniti. Neno "ulaji" lingependeza zaidi, lakini msomaji anajua limekwisha kupewa kazi nyingine katika mazungumzo ya mitaani.

Sasa tufike kwenye kosa linalotukera zaidi. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaoliwa na chombo cha kilowati moja kikiwaka saa moja. Kwa hesabu za fizikia ni jouli 3,600,000. Hata hivyo wengi husema na kuandika "kilowati kwa saa". Katika vipimo vya Kiswahili neno "kwa" hugawanya. Tusemapo kilomita 60 kwa saa tumegawa mwendo kwa muda. Tusemapo shilingi kadhaa kwa kilo tumegawa bei kwa uzito. Katika kilowati-saa hapana kugawa kokote, bali kuna kuzidisha: kilowati mara saa. Mtu aweza kudhani haya ni mabishano ya walimu tu. Basi na amfikirie mfanyabiashara wa sangara anayechagua friza iliyoandikwa kWh 0.8 kwa saa 24. Hapo "kwa" iko mahali pake: ni kilowati-saa 0.8 kwa siku nzima. Lakini aliyezoea "kilowati kwa saa" atadhani friza hula 0.8 kila saa, atazidisha kwa 24, apate uniti 19.2 kwa siku, aiache friza nzuri dukani. Kihusishi kidogo kimemnyima mtu mtaji.

Kuhusu kupima, njia ya kwanza ni kuzidisha wati za kibandiko kwa saa za kuwaka, kisha kugawa kwa 1000. Njia hii yatosha kwa taa na televisheni. Kwa friji na pasi haitoshi, maana vyombo hivyo hujizima na kujiwasha vyenyewe kadiri ya joto, na kibandiko hutaja tonge la chombo kinapokula, si saa za kufunga. Hapo yafaa kuzima vyombo vingine vyote, kusoma uniti zilizobaki kwenye mita, kungoja saa kadhaa, na kusoma tena. Mita nyingi za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, zina pia taa ndogo inayomweka, na karibu nayo huandikwa inamweka mara ngapi kwa uniti moja. Ikiwa ni mara 1000, nawe umehesabu mara 10 katika sekunde 36, basi vyombo vilivyowaka vinakula kwa kasi ya kilowati moja kamili.

Kipo pia chombo kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na plagi. Kwa mfano wa kipimajoto, twaweza kukiita kipimawati. Ingawa baada ya siku nzima kinachoonyeshwa humo ni uniti, jina hilo ni fupi na litashika.

Faida ya hesabu hii huonekana kwenye bei. Kwa bei zilizowekwa Aprili 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi, kabla ya kodi. Uniti 75 ni 2.5 kwa siku. Nyumba yenye taa, televisheni, friji, birika na pasi ya nusu saa yaweza kumaliza kama 2.1, ikabaki salama. Ikiongeza jiko la wati 1500 kwa saa moja ya kupika ndizi na maharage, itafika 3.6, yaani 108 kwa mwezi; na zile 33 za ziada zitagharimu shilingi 11,550, ilhali 75 za kwanza ziligharimu 7,500.

Limebaki neno "nguvu", ambalo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mtu wa kijijini Muleba asemapo "leo umeme hauna nguvu" anazungumzia volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 184, kama itokeavyo mwishoni mwa nyaya ndefu, wati za birika hushuka kutoka 2000 hadi 1280. Je, mwenye nyumba amepunguza matumizi? La. Maji yaleyale yatachukua dakika nne na zaidi, na uniti zitakuwa zilezile au kuzidi kidogo, kwa kuwa joto hupotea njiani. Ndiyo sababu twasihi "nguvu" isitumiwe kwa volti, kwa wati na kwa nishati kwa pamoja.

(Waganda, ambao gridi yao imelisha Bukoba kwa miaka mingi, huuita umeme amasannyalaze, neno lenye maana ya kufa ganzi. Sisi tuliazima mwanga wa radi.)

Visiwani, kama Bumbire, ambako wengi hutegemea jua, tatizo ni lilelile katika sura nyingine. Paneli ya wati 100 hutaja kasi yake jua likiwa kali, wala haisemi itavuna kiasi gani hadi magharibi. Betri nayo huandikwa ampea-saa, na hapo mafundi hawakosei: hakuna asemaye "ampea kwa saa". Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1200, yaani uniti 1.2, na haifai kuimaliza yote.