Kompresa ya springi za upepo yatengenezeka, lakini tafuta kwanza kinachoiua

Na Mwandishi Wetu

GARI huachwa jioni likiwa limesimama sawasawa, asubuhi likakutwa limelala kama mtumbwi uliopwelewa. Wamiliki wengi wa Land Rover Discovery 3, Range Rover na baadhi ya Mercedes-Benz zenye springi za upepo wanaifahamu hali hiyo. Taa ya tahadhari ikishawaka katika dashibodi, jibu la gereji nyingi huwa moja tu: kompresa imekufa, inunuliwe nyingine.

Jibu hilo mara nyingi hutolewa kwa haraka mno, na mwenye gari huweza kulilipia mara mbili.

Katika magari hayo, springi ya chuma imeondolewa na mahali pake kuwekwa mfuko wa mpira uliojazwa hewa. Range Rover ilianza kupewa mfumo huo mwaka 1992, na Discovery 3 iliyoingia sokoni mwaka 2004 ikaja nao katika matoleo yake mengi. Kompresa ni pampu ndogo ya umeme. Mota yake huendesha pistoni inayokandamiza hewa ndani ya silinda, kisha hewa hiyo hupita katika kikaushio chenye punje za kufyonza unyevu kabla ya kuingia kwenye tangi na mifuko. Presha ya tangi huweza kuzidi ile ya tairi kwa zaidi ya mara nne.

Pistoni hiyo hufanya kazi pasipo mafuta. Kinachozuia hewa isirudi nyuma ni pete moja ya tefloni, nayo hulika kadiri inavyotumika. Ikishalika, mota huzunguka vizuri lakini presha haipandi. Kompyuta ya gari husubiri, na presha isipopanda katika muda uliowekwa, huwasha taa na kuisimamisha kompresa. Aliye nje huona pampu imekufa, kumbe kilichokwisha ni kipande kidogo ambacho bei yake haikaribii hata kidogo ile ya kompresa nzima.

Swali ambalo mafundi wengi hulipita ni kwa nini pete iliisha mapema. Jibu kwa kawaida liko mbali na kompresa, kwenye mikunjo ya mpira wa mfuko uliozeeka au kwenye maungio ya mabomba. Hewa ikivuja, kompresa hulazimika kujaza upya kila mara, hupata joto, na pete hulika. Liko na jambo la pili lisiloonekana. Gari linaposhushwa, hewa kavu kutoka kwenye mifuko hutoka nje kwa kurudi kupitia kikaushio, na hivyo kuzikausha zile punje. Hewa inayovujia kwenye mfuko haipiti huko. Punje hubaki na maji, huvunjika na kuwa unga, na unga huo huziba vali. Katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi, kama Dar es Salaam na Mombasa, kikaushio huwa na kazi kubwa zaidi.

Anayefunga kompresa mpya bila kuziba uvujaji anaipeleka katika kifo kilekile.

Kuutafuta uvujaji hakuhitaji mitambo. Povu la sabuni likipakwa kwenye mifuko na maungio hutoa mapovu mahali penye tundu. Kwa uvujaji wa polepole, pima kwa futi urefu kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha upime tena asubuhi. Discovery 3 hujisawazisha yenyewe hata ikiwa imezimwa, kwa kuzishusha pembe nyingine zilingane na iliyolala. Kwa hiyo fundi makini huondoa kwanza fyuzi ya mfumo huo usiku, la sivyo pembe yenye kosa hujificha.

Rilei nayo isisahaulike. Ikiganda, kompresa huzunguka bila kukoma hadi mota iungue. Ni busara kuibadilisha kila kompresa inapofunguliwa.

Katika matengenezo yenyewe, fundi hubadilisha pete ya pistoni, mipira ya kuzuia hewa, punje za kikaushio na chujio, na kusafisha vali ya kutolea hewa. Silinda isipakwe grisi wala oili, ingawa mkono wa fundi huvutwa huko kwa mazoea; mafuta huharibu punje. Kazi ikiisha, kompyuta hufutwa makosa yaliyohifadhiwa, na kompresa hupimwa kwa saa ionekane inainua gari kwa muda gani.

Zipo kompresa zisizofaa kufufuliwa. Silinda iliyochimbika itailamba pete mpya kwa muda mfupi, na mota yenye harufu ya kuungua haina dawa ya bei nafuu. Hapo nunua mpya. Ile ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la umri uleule huenda ikawa na pete iliyolika vilevile, hivyo nayo ifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kufungwa.

Yote haya yafanyike presha ikiwa imetolewa na chasisi imeegemezwa juu ya stendi imara. Jeki pekee haitoshi, kwa kuwa mfuko ukipoteza hewa ghafla gari hushuka papo hapo, na nafasi inayobaki chini yake haimtoshi mtu.