Mashine Inayoiga Mkono wa Karani



Msimu uliopita wa tumbaku tuliitwa kwenye ghala moja huko Kanengo, Lilongwe, ambalo hatutalitaja jina. Vibarua wa kupakia marobota, ambao hulipwa kwa kilo, walikuwa wamekusanya vikaratasi vyao vya mizani na kugundua kwamba malipo ya wiki hayakulingana navyo. Mmoja alipunjwa karibu nusu. Mwingine, ambaye siku mbili alikuwa mgonjwa nyumbani, alilipwa kama aliyebeba mzigo wa watu wawili. Tulikwenda pale tukidhani ni wizi wa kawaida, ule tunaoujua. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ni makro.

Tueleze, maana wengi wetu tulikuwa hatulijui neno hilo. Makro ni maagizo mengi yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, yakapewa kitufe kimoja. Karani anafanya kazi yake mara moja huku kompyuta ikirekodi kila anachobonyeza. Kesho yake anabonyeza kitufe kile, nayo inarudia yote bila kuchoka na bila kuomba chai. Katika ghala lile makarani wanne walikuwa wakihamisha kilo kutoka jedwali la mizani kwenda jedwali la mishahara, tarakimu kwa tarakimu, kila jioni mpaka saa mbili usiku. Mmoja wao, mama mwenye watoto wa kuwahi nyumbani, alijifunza kurekodi makro katika Excel. Kazi ya saa tatu ikawa ya dakika chache. Nani angemlaumu?

Kosa lilikuwa hili. Makro ile ilirekodiwa kwa kufuata mahali: chukua kilo zilizo mstari wa 5, ziweke mstari wa 5. Msimamizi akaongeza mstari mmoja juu ya jedwali la mishahara ili aandike tarehe kwa herufi kubwa. Majina yote yakashuka hatua moja, lakini makro haikujua. Kilo za kila mtu zikaenda kwa jirani yake kwenye orodha. Kompyuta haikupiga kelele, kwa sababu kwa upande wake ilitii amri barabara.

Hatukuwa na mtaalamu, basi tulipanda basi dogo kwenda Dzaleka, wilaya ya Dowa, kama kilometa 45 kutoka mjini. Wengi mnaijua kambi hiyo. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ilikusudiwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, nao sasa wamepita 50,000. Kiswahili utakisikia kisimani, sokoni na kanisani. Na vijana wa kompyuta wapo, kwani kambini kuna TakenoLab, maabara aliyoianzisha Remy Gakwaya, mkimbizi kama wao, inayofundisha kutengeneza programu. Tulimpata kijana mmoja ambaye kabla ya 2023 alikuwa akipiga chapa kwenye duka la stesheneri Lilongwe. Mwaka ule Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, naye akarudi na kompyuta yake ya mkono ndani ya mfuko wa unga.

Alitukalisha alasiri nzima akituonyesha programu moja baada ya nyingine, nasi tunayaandika hapa kwa ajili ya makarani wa matawi.

Makro za Excel ndizo zinazofaa ofisi nyingi, kwa kuwa Excel tayari ipo. Lakini faili lihifadhiwe kwa aina ya xlsm. Ukilihifadhi kwa xlsx ya kawaida makro inapotea. Tena kazi iliyofanywa na makro hairudishwi nyuma kwa kitufe cha kutengua, kwa hiyo toa nakala ya faili kwanza. Tangu 2022 Microsoft imezifungia makro katika mafaili yanayotoka kwenye intaneti, na ilifanya vyema, kwani mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani ndani ya makro ya Word. Ukiletewa faili usilolijua likikuomba ruhusa ya kufungua makro, likatalie.

LibreOffice ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta za Linux, ambazo kambini si chache. Kinasa makro chake kimezimwa mpaka ukiwashe mwenyewe kwenye mipangilio, na si kila makro ya Excel inakubali kutembea humo. Kwa ofisi ya tawi isiyo na fedha ya leseni, sisi tungeanza hapa.

Power Automate ya Microsoft ni ya bure kwa wenye Windows 10 au 11. Inaweza kutoa kitu programu moja ikakipeleka nyingine, jambo ambalo makro ya Excel peke yake hulifanya kwa taabu. Ila inataka uingie kwa akaunti kupitia intaneti, na mtu anayenunua bando kwa kwacha za mfukoni ataliona hilo upesi.

AutoHotkey, ya bure pia na ya Windows tu, ndiyo kijana aliyoipenda. Hairekodi, unaiandikia maagizo kwa mkono. Yeye aliandika herufi tatu, ikatoka anwani nzima ya barua. Ni nyepesi, hata kompyuta mbovu inaibeba. Lakini toleo la 2, lililotoka mwishoni mwa 2022, halisomi maandishi ya toleo la kwanza, basi msichanganye.

Zipo pia zile ndogo kama TinyTask, zinazonasa mwendo wa kipanya na vibonyezo. Hizi tunazikataa kwa mambo ya mishahara. Dirisha likisogea kidogo, kipanya kinabonyeza pasipotakiwa.

Juu ya yote alisema jambo ambalo lilitupatia haki ya vibarua wale: kompyuta isihesabu mistari, itafute namba ya mfanyakazi. Kila kilo ifuate namba ya mwenyewe, hata jedwali lipinduliwe. Akaandika makro upya namna hiyo, nasi tukarudi nayo Kanengo.

Hapo ndipo shida ya pili ilipoanza. Mwenye ghala alipoona kazi ya watu wanne inamalizwa na mmoja kabla ya jua kuzama, alitaka kuwaachisha watatu. Tanzania mwaka 1974 iliwahi kupiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hatudai hilo. Tulichodai ni kwamba makarani wabaki, wawili wakague orodha dhidi ya vikaratasi vya mizani kabla ya malipo, na orodha ibandikwe ukutani siku moja kabla, ili mpakiaji ajisomee kilo zake. Mama yule aliyerekodi makro ya kwanza alilia mkutanoni. Alidhani amewauza wenzake. Tulimwambia wazi kwamba dakika alizookoa ni zake na za wenzake, si zawadi kwa tajiri.

Vibarua walilipwa mapunjo yao Ijumaa ya pili. Orodha inabandikwa. Makarani watatu wamepewa mkataba mpaka mwisho wa msimu tu, na mazungumzo tunayaendeleza.

Amebaki kijana wa Dzaleka. Ghala linatumia makro yake kila jioni, lakini linasema haliwezi kumlipa mtu asiye na kibali cha kazi. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi, mojawapo likihusu ajira, na hiyo ndiyo karatasi wanayotuonyesha. Tumepeleka madai yake kwa maandishi, siku mbili za kazi na nauli ya basi. Jibu halijaja.