Taklifu ya Mpira wa Kikapu na Namna ya Kuipima

Mtu aketiye barazani Ndia Kuu, hapa kisiwani Mvita, wakati wa alasiri, akamtazama hamali apitaye na mkokoteni wake akipiga ukelele wa "Simile! Simile!", hakosi kutambua kwamba kinachomchosha mja yule si urefu wa njia, kwani kutoka Ngomeni hata bandari ya zamani si mwendo wa kumtoa mtu roho, bali ni kule kuuzuia mkokoteni kwa kisigino kila mtoto akatizapo kwenye pembe ya kichochoro, kisha kuusukuma tena kutoka pale uliposimama kama jabali. Nami, ambaye kazi yangu ni mazoezi ya mwili, sijapata mfano ulio bora kuliko huo wa kueleza taklifu ambayo mpira wa kikapu humtwika mchezaji.

Uwanja wake una mita 28 kwa 15 tu, na muda wake ni dakika 40. Basi aliyezoea kandanda huutazama kwa dharau, akauliza wachezaji hawa hukimbia maili ngapi. Swali si baya, ila halifiki penyewe. Mwaka 1995 wanazuoni wa Australia walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wachezaji wanane wa ligi yao kuu, wakaona kwamba kila mmoja hugeuza namna ya mwendo wake karibu mara 1,000 katika mchezo mmoja, kutoka kusimama hata kutembea, kutoka kutembea hata kutimka, kisha kinyumenyume, kisha ubavuubavu amemkabili mpinzani, hata ikawa kila mgeuko wachukua sekunde mbili kwa wastani. Miruko ilikuwa 46, na moyo ulipiga mara 169 kwa dakika wakati mpira ukichezwa. Watunisia nao waliwapima vijana wao wa chini ya miaka 19, na hesabu waliyoitoa mwaka 2007 haikuwa baidi na hiyo: migeuko 1,050, mapigo 171.

Zile sekunde mbili nilizishuku. Nikenda Makande, katika ukumbi wa Mamlaka ya Bandari, na daftari na kalamu, nikamchagua kijana mmoja mwenye kuongoza mpira, nikaazimia kumtilia kistari kila ageukapo. Na robo ya kwanza haijesha vistari vilikwisha pandana, mkono haumwahi, nikasalimu amri.

Wenye mali hawahitaji daftari. Tangu msimu wa 2013 hadi 2014 viwanja vyote vya NBA viliwekwa kamera za kuufuata kila mwendo, na timu nyingine huwavisha wachezaji kidude mgongoni kihisicho kila mtikisiko, kwa kuwa ishara za setilaiti hazipenyi vyema chini ya paa. Lakini kamera ina upofu wake: senta anayesukumana na mwenziwe chini ya kikapu, mgongo kwa kifua, huenda asisogee hata nusu mita, akahesabiwa amesimama, ilhali misuli yake inawaka moto. Hamali aliyekwama asingepata ujira kwa mizani ya namna hiyo.

Kwa hiyo mimi hupenda zaidi vipimo visivyo na gharama. Cha kwanza ni vidole viwili shingoni mara kocha aombapo mapumziko: ukihesabu mapigo 43 kwa sekunde 15, hiyo ni 172 kwa dakika, na kwa kijana wa miaka 24, ambaye kilele cha moyo wake hukadiriwa kuwa 196 kwa kutoa umri katika 220, ni karibu asilimia 88. Makadirio hayo huweza kukosea kwa mapigo kumi na zaidi, na moyo hutulia upesi, basi usichelewe. Cha pili ni kuuliza. Msweden Gunnar Borg alionyesha kwamba mtu huweza kuutaja uzito wa juhudi yake kwa tarakimu, na Mmarekani Carl Foster akaizidisha tarakimu hiyo, kutoka 0 hata 10, kwa dakika za kazi: saba kwa dakika 90 ni 630, na jumla ya juma zima humwonyesha kocha nani anaelemewa. Ila uliza faragha, nusu saa baada ya mchezo, kwani mbele ya wenzake kijana wa Mvita hakiri kuchoka ng'o.

Cha tatu kimetufaa sana sisi wa kisiwani, hasa Machi, kaskazi inapokufa na hewa ikajaa unyevu: jasho hutiririka badala ya kukauka, na lisipokauka halipozi mwili. Mpime mchezaji kabla na baada. Akiwa na kilo 82 akatoka na 80.2, naye amekunywa lita moja ya maji, basi ametoa jasho karibu lita 2.8, na amepungukiwa zaidi ya asilimia mbili ya uzito wake, kiasi ambacho aghalabu huanza kuidhoofisha nguvu. Siku ya kwanza niliwapandisha mizanini na fulana zao mwilini, nikastaajabu kuwaona hawakupungua sana. Kumbe jasho lenyewe nimelipima pamoja nao.