KISWAHILI MLANGONI PA SHULE: Wanafunzi wa Kongo Katika Shule za Marekani

Utangulizi

Kati ya watoto wanaoingia shule za Marekani bila Kiingereza cha kutosha, wamo wengi ambao lugha yao ya mawasiliano ni Kiswahili na ambao asili yao ni mashariki ya Kongo. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika mwaka wa 2023 ikapokea zaidi ya 18,000. Katika miaka hiyo miwili hakuna nchi nyingine iliyotoa wakimbizi wengi kuliko Kongo. Jamaa hizo zilipelekwa miji mingi, ikiwemo Lexington na Louisville katika jimbo la Kentucky, Houston na Fort Worth katika Texas, na Phoenix katika Arizona. Mpango huo ulisimamishwa mwezi wa Januari 2025, lakini watoto waliokwisha kufika wangali madarasani, na miaka yao ya shule haingoji.

Makala haya yanaeleza jinsi shule inavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa namna hii atulie na ajifunze. Hoja yake kuu ni kwamba haitoshi kumpima mgeni kwa kiasi cha Kiingereza alicho nacho. Yafaa kwanza kuuliza amekwisha kujifunza nini, na kwa lugha gani. Jibu la swali hilo, kwa watoto wa Kongo, mara nyingi hupatikana kwa njia ya Kiswahili.

1. Wajibu wa shule kisheria

Huko Marekani msaada wa lugha ni wajibu wa shule, wala mzazi hauombi kama hisani. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilikataza ubaguzi wa asili ya mtu katika shughuli zinazopata fedha za serikali kuu. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Lau na Nichols, iliyohusu wanafunzi wenye asili ya Kichina katika mji wa San Francisco, wapatao 1,800, ambao hawakupewa msaada wowote wa lugha. Mahakama ilikata kwamba kuwapa watoto wote jengo lile lile, vitabu vile vile na walimu wale wale si usawa, ikiwa baadhi yao hawaelewi lugha inayosemwa.

Mwaka 1981 mahakama ya rufani, katika kesi iliyotoka Texas, iliweka vipimo vitatu. Kwanza, mpango wa shule uwe na msingi katika elimu ya lugha. Pili, uwe na walimu na vifaa vya kuutekeleza. Tatu, matokeo yake yachunguzwe, na usipofaa ubadilishwe. Aidha, kila mwaka mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hupimwa katika kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Mzazi asiyejua haya hudhani kwamba kimya cha mtoto wake darasani ni bahati mbaya tu, kumbe ni jambo ambalo shule inapaswa kulijibu.

2. Historia ya mwanafunzi

Jina "mwanafunzi wa Kongo" lafunika historia nyingi. Aliyekulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996, huenda alifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Aliyetoka Kakuma huko Kenya, au Nakivale huko Uganda, alisoma kwa mitaala ya nchi hizo, na Kiingereza amekwisha kukionja. Aliyepitia Dzaleka, Malawi, alikutana na Kichewa. Wapo pia ambao vita viliwakatiza masomo miaka miwili au mitatu, na wengine hawakupata kushika kalamu. Nyumbani mmoja husema Kibembe, mwingine Kifuliiru, mwingine Kinyamulenge. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Shule isipouliza, wote hao huandikwa katika orodha moja ya wasiojua Kiingereza. Hapo kijana aliyekwisha kusoma aljebra kwa Kifaransa hupewa hesabu za kujumlisha, na yule asiyejua kusoma kwa lugha yoyote hupewa kitabu cha historia. Wote wawili wanapoteza: wa kwanza huchoka na kudharau, wa pili hukata tamaa.

Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Cheti cha kumaliza sekondari hutolewa kwa kukusanya idadi maalumu ya masomo yaliyofaulu, na majimbo mengi humruhusu kijana kubaki shuleni hadi miaka 20 au 21 tu. Masomo aliyoyafaulu Bukavu au Uvira yasipotambuliwa, huanza tena kutoka sifuri, na umri wamkimbia. Kwa hiyo karatasi za shule zilizotoka Kongo au kambini, hata zikiwa zimechakaa, zipaswa kutafsiriwa na kuhesabiwa mapema. Msomaji wake ajue pia kwamba alama 60 kwa 100 katika shule ya Kongo, ambako mtu hufaulu kwa 50, si alama ya mvivu. Huko Marekani alama hiyo iko karibu na kuanguka.

3. Kiswahili kipi?

Shule nyingi zenye wanafunzi hawa hutafuta mkalimani wa Kiswahili na kudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini mkalimani aliyezaliwa Mombasa au Dar es Salaam na mama aliyezaliwa Fizi hawasemi kwa namna moja. Kwa kawaida huelewana, ila pale wanapodhani kuwa wameelewana ndipo kosa hujificha.

Mifano michache yatosha. Katika Kiswahili cha Kongo, "munganga" ni daktari wa hospitali. Mkalimani wa pwani aweza kusikia "mganga" na kuandika kwamba mtoto alitibiwa kienyeji. "Kizungu" kwa Mkongomani mara nyingi ni Kifaransa, na kwa msemaji wa Afrika Mashariki ni Kiingereza. Mtoto akiulizwa kama anajua Kizungu, akaitikia, fomu huandikwa uongo bila mtu yeyote kusema uongo. Neno "masomo" huko mashariki ya Kongo hutajwa pia kwa maana ya shule yenyewe, kwa hiyo "aliacha kwenda ku masomo" si habari ya somo moja au mawili. Hata "mwaka wa tano" wahitaji swali la pili: wa shule ya msingi au wa sekondari? Tofauti yake ni kubwa, na yaweza kumtupa mtu mahali pasipo pake.

Jambo jingine ni heshima ya lahaja. Mtoto asemaye "niko mugonjwa" au "batoto" hajaharibu Kiswahili. Asema Kiswahili cha kwao, chenye kanuni zake. Mkalimani anapocheka au kusahihisha, mtoto hujifunza kwamba hata lugha aliyokuja nayo haifai, naye hunyamaza katika lugha mbili badala ya moja. Mkalimani mwema huuliza: "Kwenu mnaitaje?"

4. Kazi ya darasani

Mtaalamu Jim Cummins, aliyefanya kazi nchini Kanada, alionyesha tangu mwaka 1979 kwamba lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo si kitu kimoja. Mgeni huweza kuzungumza uwanjani baada ya mwaka mmoja au miwili, lakini kuifikia lugha ya vitabu kama wenzake huchukua miaka mitano hadi saba, pengine zaidi. Mwalimu asiyejua hilo humsikia mtoto akicheka na rafiki zake kwa Kiingereza, kisha akiona amekwama katika kuandika insha, humwita mvivu au mzito wa akili. Cummins alieleza pia kwamba ujuzi uliopatikana katika lugha moja hauozi humo. Aliyefahamu maana ya sehemu za hesabu kwa Kiswahili au kwa Kifaransa ahitaji jina lake jipya tu, si kufundishwa upya.

Kutokana na hayo, njia kadhaa hufaa. Mwalimu amruhusu mgeni kuandika mawazo yake ya kwanza kwa Kiswahili au Kifaransa, ndipo ayahamishe. Amketishe karibu na mwenzake wa lugha moja, lakini asimgeuze mwenzake huyo kuwa mkalimani wa kudumu. Asilazimishe kusema mbele ya wote katika wiki za mwanzo, kwa maana wengi husikiliza kwa muda mrefu kabla ya kutamka. Picha, ramani na vitu vya kushika vitangulie maneno.

Yapo pia mambo madogo yanayoleta makosa makubwa. Mtoto aliyefundishwa kwa desturi ya Kifaransa huandika 2,5 pale Mmarekani aandikapo 2.5. Katika kugawanya, hukiweka kigawanyo kuume, na mwalimu wake hukiweka kushoto. Tarakimu yake ya 1 yenye mkono mrefu husomwa kuwa 7. Jibu lake huweza kuwa sahihi na bado likapigwa msalaba. Vile vile, mtoto anayeinamisha macho mbele ya mwalimu atoa heshima aliyofundishwa nyumbani, lakini mwalimu wa Marekani huona kwamba hasikilizi. Yafaa mambo hayo yaelezwe pande zote mbili: mwalimu ajue maana yake, na mtoto aambiwe kwa upole desturi ya mahali alipo.

Baadhi ya miji, kama Louisville, ina shule maalumu ya wanafunzi wageni. Faida yake ni kwamba mgeni hafichiki nyuma ya darasa. Hasara yaweza kuja akikaa humo muda mrefu mno, kwa sababu Kiingereza na urafiki hujifunzwa pia kwa kuchangamana na wenyeji.

5. Wazazi na majina

Mzazi wa Kongo kwa desturi humkabidhi mtoto kwa mwalimu na kumwachia kazi yake. Kuingilia kati huonekana utovu wa adabu. Shule ya Marekani, kwa upande wake, hungoja mzazi aje, aulize na hata abishe. Asipokuja huhesabiwa kuwa hajali. Barua ya Kiingereza iliyotiwa katika mkoba wa mtoto haiondoi utata huo. Simu fupi kwa Kiswahili, ikieleza kwamba kuuliza si kumkosea mwalimu heshima, hufanya zaidi.

Isitoshe, mtoto asifanywe mkalimani wa wazazi wake. Akitafsiri habari za alama zake mwenyewe, ukweli wapata majaribu. Akitafsiri habari za ugonjwa au fedha, abeba mzigo wa watu wazima, na heshima ya baba na mama yapungua mbele yake.

Hata jina laweza kuwa kikwazo. Tangu siasa ya uhalisi ya mwaka 1972, Mkongomani wengi wao huwa na jina, jina la nyongeza na, kwa wengi, jina la ubatizo, na ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina tofauti kabisa. Fomu ya Marekani hutaka jina la ukoo lililo moja kwa jamaa nzima. Karani akipanga majina apendavyo, ndugu huonekana kuwa si ndugu, na karatasi za mtoto hazifanani tena. Dakika chache za kumwuliza mzazi huepusha matatizo ya miaka.

Hitimisho

Msaada bora kwa mwanafunzi mgeni hauanzi na kamusi ya Kiingereza. Waanza na kusikiliza historia yake kwa lugha anayoimudu, kisha kumweka panapostahili elimu yake, na kumpa muda ambao elimu ya lugha imethibitisha kuwa wahitajika. Katika kazi hiyo wataalamu wa Kiswahili nchini Kongo wana neno la kusema. Kiswahili kinachozungumzwa Bukavu, Uvira, Kalemie na Lubumbashi sasa chasikika katika ofisi za shule za ng'ambo, na wakalimani wengi hawana kitabu cha kuwaongoza. Orodha ya maneno ya shule, ya afya na ya jamaa, ikilinganisha matumizi ya Kongo na Kiswahili sanifu, ni kazi ambayo idara ya Kiswahili na wanafunzi wake waweza kuifanya. Ingemfaa mkalimani kazini, na ingempunguzia mtoto hatari ya kuandikwa asivyo.